Uvira: Gundi nyekundu ndani ya deliko inawalaza abiria njiani

Kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Uvira na Baraka, kila mkaaji anaijua sauti ile. Hiace ya esansi inapanda, watu wamebanana ndani, magodoro na masufuria yamefungwa juu ya paa. Inakohoa mara mbili, kisha inanyamaza. Konvuayere anaruka chini na jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu. Shofere anainua kiti cha mbele, maana moteri iko chini yake, na anaomba turnevisi. Akina mama wanashuka na watoto mgongoni bila kuambiwa, wamekwisha zoea.

Kati ya abiria hao wamo wahami wanaorudi kuangalia mashamba waliyoyaacha, na wengine wanaokimbia kwa mara ya pili au ya tatu. Wamelipa bei nzima. Jua likizama kabla moteri haijawaka, hakuna anayewarudishia makuta yao, wala hakuna anayejua usiku utaleta nani kwenye njia ile.

Mara nyingi lawama inatupiwa esansi ya kwenye mabidoni. Ni kweli inachafua kabureta. Lakini kuna kosa lingine ambalo mafundi hawapendi kulitaja, kwa sababu ni la mikono yao wenyewe: visi ndogo za deliko, na gundi wanayozitia.

Deliko ndiyo inapokea moto mkali wa bobini na kuugawia buji moja moja kwa zamu yake. Corolla za zamani zenye moteri za 4A na 5A zinayo, na Hiace nyingi za esansi vilevile. Gari za mazutu hazina kabisa, hizo ziachwe pembeni. Ndani ya deliko kuna visi za milimeta 4 au 5 zinazoshika platini, au kile kifaa cha umeme kilichochukua nafasi ya platini. Juu kuna kifuniko cha plastiki, na nje kuna buloni moja inayoishika deliko yote kwenye moteri. Barabara ya mashimo inatikisa vyote hivyo kutwa nzima. Visi moja ikilegea, platini inasogea na moto unakuja wakati usio wake. Ikianguka ndani, inaweza kuvunja rotori inayozunguka pale, na gari inakufa papo hapo.

Kwenye mteremko hilo si jambo la kuchelewa tu. Moteri ya esansi ikizimika, msaada wa freni unabaki wa kukanyaga mara mbili au tatu, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani wenye msaada wa moteri nao unakuwa mzito. Shofere mwenye watoto kumi nyuma yake hastahili kujifunza hayo akiwa anashuka.

Kwa hiyo fundi anaona visi inalegea, na anaamua kuigandisha. Hapo ndipo ujinga unapoanza. Mwenye gari anamwambia: "Fundi, tia ile nyekundu, sitaki kukuona tena mwezi huu." Fundi anacheka na kuitia. Wote wawili wanadhani wamefanya kazi ya nguvu.

Gundi nyekundu, kama Loctite 271, imetengenezwa kwa ajili ya buloni na studi kubwa ambazo hazifunguliwi ila kwa nadra. Kuifungua kunataka kuchoma moto mpaka digrii 250 hivi. Nani atachoma moto wa namna hiyo ndani ya deliko? Nyaya zitayeyuka, plastiki itayeyuka, na ngozi ndogo ya kipulizo kinachosogeza wakati wa moto itaungua. Fundi anayejua hivyo hachomi, basi anatumia nguvu. Kichwa cha visi ndogo kinaliwa na turnevisi, kisha anatafuta mashine ya kutoboa. Vumbi la chuma linaingia ndani ya deliko, na wiki ijayo gari inarudi na ugonjwa ambao haukuwepo.

Na platini lazima ifunguliwe. Inalika, nafasi yake inabadilika, inahitaji kupimwa tena na kurudishwa kwenye nusu milimeta au pungufu kidogo, kadiri kitabu cha moteri kinavyosema. Kuigandisha milele sehemu inayotakiwa kusogezwa ni sawa na kupigilia misumari mlango wa choo kwa sababu komeo lake limelegea.

Wapo mafundi wanaokwepa nyekundu na kukimbilia ile gundi ya dukani ya kubandika viatu na vikombe, inayoshika kwa sekunde. Hiyo ni mbaya zaidi. Inapasuka ikitikiswa, inalegea joto likipita digrii 80 hivi, na mvuke wake unaacha unga mweupe juu ya vitu vya karibu. Deliko imekaa kando ya moteri iliyochemka. Wengine wanatumia vernisi ya kucha waliyoomba kwa wake zao. Kwa alama ya kuonyesha kama visi imesogea, vernisi si mbaya, hata mafundi wa zamani walifanya hivyo. Kwa kushika visi kwenye njia ya Baraka, ni mchezo.

Inayofaa ni ya nguvu ndogo, ile ya zambarau, Loctite 222 au ya aina yake kutoka kampuni nyingine. Imetengenezwa kwa visi ndogo, na turnevisi ya kawaida inaifungua bila kichwa kuliwa. Kama haipatikani, ya buluu, 243, inaweza kusaidia kwenye visi ya milimeta 5 au 6 yenye kichwa kizima, kwa tone dogo kabisa. Ya buluu inavumilia digrii 150 bila shida. Zaidi ya hapo hakuna sababu ya kwenda.

Ila rangi peke yake inadanganya. Kampuni hazikubaliani juu ya rangi. Hata kwa Loctite wenyewe, 270 ni ya kijani na inashika kwa nguvu kubwa, na 290 nayo ni ya kijani lakini ni ya kunywesha visi zilizokwisha kazwa. Mtu anayenunua "ile ya kijani" kwenye meza ya sokoni ananunua kwa kubahatisha. Namba ndiyo isomwe. Chupa isiyo na namba, au yenye karatasi iliyobandikwa juu ya karatasi nyingine, iachiwe mwenye kuiuza. Na chupa halali haijai mpaka juu, kwa sababu gundi hii inabaki maji ikikutana na hewa na inaganda ikibanwa kati ya chuma na chuma mahali pasipo na hewa. Mnunuzi anayelalamika kwamba amepunjwa nusu chupa amekosea.

Tabia hiyo ya gundi ndiyo inaleta kosa lingine, la kumimina. Fundi anaona tone lililotoka nje bado ni bichi, anadhani gundi haijashika, anaongeza. Lile la nje halitakauka kamwe, liko kwenye hewa. Litatiririka na kuingia kwenye uso wa platini, na moto utapotea. Tone moja kwenye meno ya visi linatosha, kinachobaki kipanguswe. Kabla ya hapo, visi na tundu lake visafishwe mafuta yote, na visikaushwe kwa kitambaa kile kile kilichopangusa karteri. Mwili wa deliko ni wa aluminiamu, na visi nyingi zimepakwa zinki. Juu ya vyuma hivyo gundi inachelewa kuganda kuliko juu ya chuma cha kawaida.

Kuna sehemu mbili zisizotakiwa gundi yoyote. Ya kwanza ni visi za kifuniko. Maji ya gundi yakigusa plastiki, baadhi ya plastiki zinapasuka nyufa ndogo zisizoonekana, na siku ya mvua moto utapita kwenye ufa badala ya kwenda kwa buji. Ya pili ni ile buloni ya nje inayoishika deliko kwenye moteri. Hiyo ndiyo inafunguliwa kila fundi anapotaka kupanga wakati wa moto. Ikazwe vizuri na rondeli yake, basi.

Mafundi wazee wa hapa watasema kwamba walifanya kazi miaka mingi bila gundi yoyote, kwa rondeli ya springi na mkono unaojua kukaza. Wana haki, na neno lao lisikilizwe kabla ya neno la muuza chupa. Visi ya asili yenye rondeli yake ya asili, ikikazwa sawasawa, mara nyingi haidai kitu kingine. Tatizo ni kwamba rondeli zimepotea siku nyingi, zilianguka kwenye mchanga wa garaje na hakuna aliyeinama kuziokota. Visi zilizopo zimetoka kwenye redio au cherehani, na meno yake hayalingani na tundu. Gundi haiponyi tundu lililokwisha liwa. Mwenye kuitia hapo anaficha ugonjwa mpaka gari ifike mlimani kati ya Baraka na Fizi.

Wenye magari nao wasijifiche nyuma ya mafundi. Wanaokataa kununua rondeli nne na chupa ndogo ya mililita 10, inayotosha deliko za parkingi nzima, ndio hao hao wanaoongeza abiria wawili kwenye kiti cha watatu. Wanasema fundi ni mwizi wa wakati akiomba gari ilale garaje. Lakini gundi hii, hata ikionekana imeshika baada ya nusu saa, inahitaji saa 24 kufikia nguvu yake yote. Gari iliyotiwa gundi saa kumi na moja jioni isiwe ya kwanza kwenye parkingi alfajiri inayofuata, ikiita watu wa Mboko, Baraka na Fizi.