Koti la Manyoya Sakafuni

Jamani, kuna nyimbo ambazo mie sizisikilizi tena. Si kwamba ni mbaya, la hasha. Ila zikipigwa tu namwona mtu fulani, na mtu huyo tulishaachana. Zikianza kwenye daladala natamani kushuka kabla ya kituo changu.

Juzi usiku usingizi ulinikataa, nikaangalia tena video moja ya Aretha Franklin.

Ni Desemba 2015, Washington, kwenye Kennedy Center Honors. Anayeenziwa ni mwanamama Carole King, amekaa juu roshani pamoja na Rais Obama na mkewe Michelle. Mara anaingia Aretha, miaka 73, koti refu la manyoya, pochi mkononi. Pochi anaiweka juu ya piano! Hapo nilicheka. Mama huyu alijulikana kwa kudai alipwe taslimu kabla hajaimba, na pochi haikai mbali na macho yake. Mjini shule, wadada.

Anakaa, anapiga piano mwenyewe, anaanza "A Natural Woman". King anashika kichwa kama haamini. Obama anafuta chozi. Sauti siyo ile ya 1967 alipourekodi wimbo huo, lakini mama hana haraka, kila neno analipa nafasi yake. Kisha anaiacha piano, anakuja mbele, na sauti ilipopanda juu kabisa, koti akaliachia likaanguka sakafuni. Ukumbi mzima wima!

Sasa kilichonigusa ni hiki. Wimbo ule King aliutunga na Gerry Goffin, wakati huo akiwa mumewe. Mke muziki, mume maneno. Yaani maneno yale ya mwanamke aliyependwa yakamkolea yaliandikwa na mwanaume! Baadaye ndoa ikavunjika. King hakuutupa wimbo, mwaka 1971 aliuimba mwenyewe kwenye albamu yake ya Tapestry. Goffin alifariki 2014. Na bado bibie yuko pale juu, midomo inafuatisha, anayumba kwa raha kama binti wa miaka kumi na minane. Nilimtazama usoni nikitafuta uchungu, sikuuona.

Aretha naye alituacha Agosti 16, 2018.

Basi nimeurudisha wimbo wangu mmoja kwenye simu. Mmoja tu, msinicheke. Jana nilifika kiitikio cha pili, nikauzima.