Si Rais Aliyekosekana, Ni Hazina

Wanaotamani watawala wa mkono wa chuma wana hadithi moja wanayoipenda. Marekani, wanasema, ilipojinasua kutoka kwa Uingereza ilijaribu kujiendesha kwa baraza bila rais, ikaishia kwenye vurugu, ndipo mwaka 1787 wakubwa wake wakakutana Philadelphia na kuipa nchi mtu mmoja wa kuamuru. Funzo lake, eti, ni kwamba taifa changa haliwezi anasa ya mijadala. Hadithi hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoifanya iwe hatari. Serikali ile ilikuwa dhaifu kwelikweli, ila ugonjwa wake haukuwa kukosa mkubwa wa kupiga meza. Haikuwa na fedha yake yenyewe, wala sheria yenye uwezo wa kumfikia raia bila kupita mlangoni kwa jimbo lake.

Mkataba wa Shirikisho, ulioiunda serikali hiyo, ulipitishwa na Kongresi, yaani baraza lenyewe, Novemba 1777, ukaanza kutumika Machi 1781 baada ya Maryland, jimbo la mwisho, kuuridhia. Uliipa Kongresi haki ya kutangaza vita, kufunga mikataba na kukopa, lakini ukainyima haki ya kutoza kodi. Ikihitaji fedha iliyaomba majimbo, nayo yalilipa pungufu, yalichelewa, au hayakulipa. Mwaka 1781 Kongresi iliomba idhini ya kutoza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia nchini. Mkataba haukurekebishika bila majimbo yote 13 kukubali. Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, ikakataa mwaka 1782, Virginia nayo ikafuta kibali chake, na shauri likafa. Lilipofufuliwa mwaka 1783 hatimaye lilikwama New York. Mkono mtupu haulambwi: Juni 1783 askari waliodai mishahara yao waliizingira Kongresi mjini Philadelphia, na serikali ya Pennsylvania haikuita wanamgambo kuilinda. Wajumbe wakahamia Princeton. Kiongozi wa Pennsylvania siku hizo alikuwa John Dickinson, mtu yuleyule aliyeandika rasimu ya kwanza ya Mkataba. Kufikia 1785 nchi ilikuwa imeacha hata kulipa riba ya mikopo ya Ufaransa, rafiki aliyeisaidia kushinda vita.

Sasa tuangalie kazi ambazo hazikudai fedha nyingi. Julai 1787 Kongresi hiyohiyo isiyo na rais ilipitisha sheria ya maeneo ya kaskazini-magharibi mwa mto Ohio. Sheria hiyo iliweka utaratibu wa kuunda majimbo mapya yenye hadhi sawa na yale ya zamani, ikapiga marufuku utumwa katika eneo lote hilo. Kiangazi hichohicho, waliokuwa Philadelphia wakiandika katiba mpya walikubaliana kwamba biashara ya kuingiza watumwa isipigwe marufuku na taifa kabla ya 1808. Kwa hiyo baraza liliweza kuamua, tena mambo mazito. Lililolishinda ni kutekeleza. Katika mkataba wa amani wa 1783 iliahidiwa kwamba wadai wa Kiingereza hawatazuiwa kudai haki zao. Majimbo yakawawekea vikwazo, na Uingereza ikapata kisingizio cha kubaki katika ngome za Detroit na Niagara. Hata angekuwapo rais mkali, angefanya nini bila mahakama ya taifa wala senti mfukoni?

Watetezi wa hadithi hii watamtaja Daniel Shays na wakulima wa Massachusetts waliofunga mahakama kwa nguvu mwaka 1786. Hoja hiyo inawageukia. Massachusetts ilikuwa na gavana, mahakama na katiba yake tangu 1780. Ni serikali hiyo, wala si Kongresi, iliyowabana wakulima kwa kodi nzito za sarafu ili iwalipe wenye hatifungani zake. Uasi ulizimwa na jeshi la jimbo lililogharamiwa na matajiri wa Boston, lakini hasira ilipoozwa na sanduku la kura: mwaka 1787 wapiga kura walimwondoa Gavana James Bowdoin, na bunge jipya likapunguza mzigo wa kodi.

Wengine watauliza: mbona mwaka 1794 Rais George Washington alikwenda na wanamgambo wapatao 13,000 kuwakabili waliogomea kodi ya pombe huko Pennsylvania? Alikwenda, ila hakujiamulia tu. Sheria ya Kongresi ilimtaka apate kwanza uthibitisho wa jaji kwamba mahakama zimeshindwa kazi, na Jaji James Wilson akautoa. Nguvu ile ilikuwa na mipaka na ilikuwa na hazina nyuma yake. Miezi michache tu baada ya Washington kuapishwa, tarehe 4 Julai 1789, alitia saini sheria ya ushuru wa forodha, na kwa bidhaa nyingi ambazo hazikutajwa moja moja kiwango kilikuwa asilimia 5, kilekile ilichokikataa Rhode Island.

Jambo hili linatuhusu. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali konfederesheni ya kisiasa iwe hatua ya kuelekea shirikisho kamili. Jumuiya hiyo imetegemea michango ya nchi wanachama, malimbikizo yamekuwa wimbo wa kila mwaka, na uamuzi mkubwa husubiri wote wakubaliane. Atakayekuja kutuambia kwamba dawa ni kumpata rais mmoja shupavu wa Afrika Mashariki aulizwe maswali matatu kabla ya kupigiwa makofi: ushuru atakusanya nani, mahakama gani itaifunga nchi isiyotimiza ahadi, na nani atamwajibisha huyo shupavu? Wamarekani walijibu mawili ya kwanza kwa kuunda hazina na mahakama, na la tatu kwa kumfunga rais wao kwa sheria. Anayechukua rais peke yake kutoka katika historia hiyo ameacha dawa na kubeba chupa.