Anaagwa Ijumaa, Jumatatu yuko mezani



Naomba nafasi nieleze mchezo unaoota mizizi katika kampuni zetu hapa Dar es Salaam, ambao mwisho wake deni la kodi humwangukia mtu asiyeusuka. Mfanyakazi anaitwa ofisini na kuambiwa nafasi yake imefutwa. Analipwa stahiki zake, anaagwa kwa soda na keki. Jumatatu anarudi kwenye meza ileile, kwa bosi yuleyule, ila sasa ana mkataba wa "ushauri elekezi" na anatakiwa kuleta ankara kila mwisho wa mwezi.

Mimi huwatunzia watu vitabu vya hesabu na kuwajazia ritani, kwa hiyo naonana nao maji yameshamwagika, hasa mwezi Juni, muda wa ritani unapobana.

Tuchukue mtu wa mshahara wa shilingi milioni 2. Akiwa mwajiriwa anakatwa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), yaani 200,000, kisha kodi ya mshahara (PAYE) ya 368,000. Mkononi anabaki na 1,432,000. Akigeuzwa mshauri kwa kiasi kilekile, kampuni inakata kodi ya zuio asilimia 5 tu na anapokea 1,900,000. Nyumbani wanadhani amepandishwa cheo! Kumbe ile asilimia 5 ni sehemu tu ya kodi yake. Mwaka ukiisha, kama hana gharama zenye risiti (na anayetumia kompyuta ya kampuni na umeme wa kampuni, gharama atazitoa wapi?), kodi ya milioni 24 ni 5,136,000. Alishakatwa 1,200,000. Anadaiwa 3,936,000, na hizo alitakiwa awe anazilipa kwa awamu tangu Machi kutokana na makadirio ambayo hakuna aliyemwambia ayapeleke. Juu yake kuna riba na adhabu. Pesa yenyewe ilishaishia kwenye ada za watoto na matofali.

Wengine hunijia wakiwa na matumaini ya ile kodi ya wafanyabiashara wadogo inayokadiriwa kwa mauzo. Haiwahusu, kwa sababu huduma za kitaalamu, za kiufundi na za usimamizi zimeondolewa humo. Na akiwa mhasibu au mhandisi aliyesajiliwa na bodi yake, anatakiwa kujisajili VAT hata kama mapato yake ni madogo. Asilimia 18 hiyo mkataba wake haukuitaja popote.

Kampuni, yenyewe, inachekelea. Kwa mtu huyo mmoja imeokoa mchango wake wa NSSF 200,000, tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL) ya asilimia 3.5 ambayo ni 70,000, na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi (WCF) 10,000. Jumla 280,000 kila mwezi, bila kuhesabu likizo yenye malipo na notisi. Nina mteja aliyeteguka mgongo akishusha mzigo stoo kwa "mwajiri wa zamani". Alipouliza habari ya fidia alionyeshwa mkataba wake wa huduma.

Sheria haikulala. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, inapoeleza ajira, inaingiza hata nafasi inayompa mtu haki ya malipo ya kila kipindi kwa huduma anayoitoa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo, kifungu cha 61, inakwenda mbali zaidi: mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba wake uwe umeandikwaje, ikiwa dalili mojawapo tu ipo, hadi ithibitishwe vinginevyo. Saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vitendea kazi, anamfanyia kazi mtu mmoja tu, au amefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Watu ninaowasema mimi wana dalili zote hizo kwa mpigo. Simsemi mhandisi mstaafu mwenye gari lake, vipimo vyake na wateja wanne, ambaye kampuni yake ya zamani ni mmoja wao. Huyo ni mkandarasi kweli.

Sasa Mamlaka ya Mapato (TRA) wakikagua na kuamua kwamba ilikuwa ajira, kampuni itadaiwa PAYE ambayo haikukata. Vizuri. Lakini sheria inamruhusu aliyepaswa kukata kodi, akishailipa, aidai kwa aliyepaswa kukatwa. Kwa hiyo barua ya madai inarudi kwa yuleyule aliyeagwa kwa keki, ambaye huenda kufikia hapo hata mkataba wa ushauri umekwisha.

Kinachoniudhi ni kwamba jambo hili halihitaji upelelezi. Namba ya mlipakodi (TIN) iliyokuwa kwenye orodha ya PAYE ya kampuni mwezi Juni inaonekana Julai kwenye orodha ya kodi ya zuio ya kampuni ileile, kwa kiasi kilekile, na taarifa zote mbili zimetumwa TRA. NSSF nao wanaona mchango umekatika. Mbona hakuna anayeuliza mwezi huohuo, deni likiwa bado changa? Uingereza walilitungia sheria mwaka 2000 kwa wanaorudi kupitia vikampuni vyao. Baadaye, kuanzia 2017 kwa taasisi za umma na 2021 kwa kampuni kubwa na za kati, kazi ya kuamua kama mtu ni mwajiriwa kwa ajili ya kodi ikahamishiwa kwa anayemtumia. Aliyeandaa mkataba ndiye ajibu.

Hapa kwetu Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamruhusu mlipakodi kuomba uamuzi wa Kamishna Mkuu kabla ya kuingia kwenye mpango wowote. Mtunza stoo hataandika ombi hilo. Kampuni yenye mwanasheria inaweza. Naiomba TRA itoe mwongozo kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja unatosha, kwamba kampuni inayotaka kumrudisha mfanyakazi wake kama mshauri ndani ya mwaka mmoja ilete kwanza uamuzi huo. Isipoleta, ihesabiwe kuwa ni mwajiri, na PAYE itakayokuja kudaiwa isiruhusiwe kumrudishia mfanyakazi.

Mtunza vitabu,
Mbezi, Dar es Salaam