Bolti Iliyosalia

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho mtu aweza kukifumbata katika kiganja kimoja, walakini ndicho kiwezacho kuamua kama motokaa itasimama dereva akanyagapo breki, ama haitasimama. Kitu hicho ni bolti iliyosalia.

Siku hizi wako watu wengi wanaotengeneza motokaa zao wenyewe nyumbani, hasa siku ya Jumamosi, ili wapunguze gharama ya gereji. Jambo hilo ni jema. Mtu huvaa nguo kuukuu, huinua gurudumu kwa jeki, hubadilisha pedi za breki, kisha hurudisha kila kitu mahali pake. Lakini anapokusanya spana zake, mara huona bolti moja imelala chini. Hakumbuki kuitoa, wala hajui ni ya wapi.

Hapo watu hugawanyika mafungu matatu. Wa kwanza huitupa katika mkebe wa misumari akisema, “Motokaa ina bolti nyingi, moja haiwezi kuleta neno.” Wa pili hutafuta tundu lo lote lililo wazi, akaisukuma humo na kuikaza kwa nguvu zake zote. Wa tatu huketi, akaiweka juu ya karatasi nyeupe, akaanza kuiuliza maswali. Huyu wa tatu ndiye mwenye akili, na mazungumzo yetu ya leo ni juu ya maswali yake.

Sisi tufanyao kazi ya ukarani twalijua sana jambo hili. Barua ikiokotwa sakafuni haitupwi kapuni, wala haitiwi katika jalada lo lote lililo karibu. Husomwa kwanza namba yake, tarehe yake na muhuri wake, na hapo ndipo jalada lake hujulikana. Bolti nayo ina namba, ina muhuri, na ina alama za mahali ilipotoka. Kazi yetu ni kuisoma.

USIWASHE INJINI

Kabla ya yote, motokaa isiondoke pale ilipo, hata kwa kwenda dukani. Na kama yakupasa kuingia chini kutafuta, usiitegemee jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia tu. Iliyo ya kushikilia uzito ni miguu ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, nayo yapasa isimame juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Tofali na mawe hupasuka ghafula, nayo motokaa haitoi onyo inapoanguka.

Kisha usiifute bolti upesi, kwa kuwa uchafu wake ni ushahidi. Tazama kichwa chake na tazama nyuzi zake, yaani ile mikunjo inayozunguka mwili wake. Kichwa kikiwa na matope makavu na mwili ukiwa safi, bolti hiyo ilikuwa imo tunduni mpaka leo, nawe ndiwe uliyeitoa. Ikiwa imefunikwa kote, kichwa na nyuzi pamoja, kwa mafuta yaliyogandamana na vumbi, yamkini ilidondoka siku nyingi zilizopita kutoka mkononi mwa fundi mwingine, ikakaa juu ya chuma fulani chini ya injini mpaka ulipoitikisa. Ikiwa ina kutu kote, huenda haikutoka katika motokaa yako kabisa, bali ilikuwa pale mchangani tangu zamani.

Tazama pia kama nyuzi zake zina gundi iliyokauka, yenye rangi ya buluu au nyekundu. Gundi hiyo hutiwa ili bolti isilegee kwa mtikisiko. Ukiiona, ujue kwamba mtengenezaji hakutaka bolti hiyo itoke ovyo. Basi zidisha bidii ya kutafuta.

KUIPIMA

Watu wengi husema, “Hii ni bolti ya 12,” maana spana ya 12 ndiyo iliyoingia kichwani pake. Lakini upana wa kichwa si upana wa bolti. Motokaa nyingi zinazoingia Kenya zilitumika kwanza huko Japani, na Wajapani mara nyingi huifanya bolti ya milimita 8 iwe na kichwa cha spana ya 12, hali ile itokayo Ulaya huwa na kichwa cha 13. Vivyo hivyo bolti ya milimita 10 yaweza kuwa na kichwa cha 14 katika motokaa ya Kijapani, na cha 16 au 17 katika ile ya Kizungu. Kwa hiyo anayepima kichwa peke yake hajapima kitu.

Pima mambo matatu. La kwanza ni unene wa mwili penye nyuzi. Tumia kile kipimo chenye taya mbili ambacho mafundi hukiita vania. Kitaonyesha upungufu kidogo. Ukipata milimita 7.8 au 7.9, hiyo ni bolti ya milimita 8, nayo vitabu vya mafundi huiandika M8.

La pili ni nafasi kati ya uzi na uzi. Weka rula ya chuma kando ya bolti, uhesabu nafasi 10. Zikichukua milimita 12.5, basi kila nafasi ni milimita 1.25. Zikichukua milimita 15, kila nafasi ni 1.5. Jambo hili ni kubwa, kwa maana bolti mbili za milimita 10 zaweza kulingana kwa unene na urefu, lakini moja ikawa ya 1.25, kama ilivyo desturi katika motokaa za Kijapani, na nyingine ya 1.5. Ukiilazimisha moja katika tundu la mwenziwe, itaingia mizunguko miwili, itakataa, nawe ukizidisha nguvu utaziharibu nyuzi za tundu lenyewe. Bolti hununuliwa kwa fedha kidogo. Tundu lililoharibika ni maneno mengine.

La tatu ni urefu, tokea chini ya kichwa mpaka nchani. Bolti fupi mno hushika kwa nyuzi chache. Iliyo ndefu mno hugota mwisho wa tundu kabla haijabana kitu, nawe ukadhani imekaza.

Baada ya vipimo, soma muhuri ulio juu ya kichwa. Ukiona 8.8 au 10.9, si namba ya ukubwa, bali ya nguvu. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 huonyesha nguvu inayoweza kuikata bolti, kwa nyutoni katika kila milimita mraba. Namba ya pili huonyesha ni sehemu ngapi katika 10 za nguvu hiyo bolti itakazostahimili kabla haijanyooka isirudi. Kwa hiyo 8.8 ni nyutoni 800, nayo huanza kunyooka kwenye 640. Baadhi ya bolti za Kijapani huwa na tarakimu moja tu. Bolti isiyo na alama yo yote, iliyotoka katika mkebe wa vitu vya nyumbani, haifai kuwekwa mahali palipokuwa na 10.9, hata ikiingia vizuri namna gani.

Wenye motokaa za kale, kama zile Land Rover za kwanza, wazidishe uangalifu, maana hizo zilikuwa na bolti za inchi. Mwingereza Joseph Whitworth alitoa kanuni yake ya nyuzi mwaka wa 1841, yenye pembe ya digrii 55. Mmarekani William Sellers akatoa yake mwaka wa 1864, yenye digrii 60. Uingereza, Marekani na Kanada hazikupatana juu ya kanuni moja ya nyuzi za inchi mpaka mwaka wa 1948. Basi si ajabu bolti ya motokaa ya zamani kuikataa nati ya siku hizi.

JICHO HALITOSHI

Huenda msomaji akasema, “Haya yote ya nini? Mimi jicho langu lajua bolti.” Nitamjibu kwa habari ya kweli iliyotokea Uingereza.

Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways iliruka kutoka Birmingham ikienda Málaga, huko Hispania. Ilipofika juu kiasi cha futi 17,300, kioo kimoja cha mbele kiling'oka, na rubani mkuu, Tim Lancaster, akavutwa nje kwa upepo mpaka kiunoni. Wenzake walimshika miguu, na rubani wa pili, Alastair Atchison, akaiteremsha ndege Southampton. Kwa rehema watu wote 87 walipona, naye Lancaster pia.

Wachunguzi walipotazama waliona kwamba kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari. Kilishikwa na bolti 90. Katika hizo, 84 zilikuwa nyembamba kupita kipimo kwa inchi 0.026, yaani kama thuluthi mbili za milimita moja. Na zile 6 zilizobaki zilikuwa fupi. Mkuu wa zamu aliyefanya kazi ile hakuwa mjinga wala mvivu. Alichukua bolti ya zamani akailinganisha na nyingine kwa macho, mahali penye mwanga hafifu, wala hakutafuta namba yake katika kitabu. Zilifanana, zikaingia. Lakini kioo kile kilifungwa kwa nje, hata hewa ya ndani ya ndege ikawa inakisukuma kitoke, na bolti ndizo zilizokuwa zikikizuia.

Ikiwa fundi wa ndege, mwenye uzoefu wa miaka mingi, jicho lake lilidanganyika kwa thuluthi mbili za milimita, sisi tunaofanya kazi uani kwa tochi tutajisifu kwa nini?

KUTAFUTA MAHALI PAKE

Ukiisha kuijua bolti, rudi nyuma katika kazi yako, hatua kwa hatua, ukianza na ile uliyoimaliza mwisho. Na hapa motokaa yenyewe hutusaidia, kwa maana ina pande mbili. Kama ulifanya kazi katika gurudumu la kulia, nenda ukalitazame la kushoto. Tundu lililo tupu upande huu litakuwa na bolti yake upande ule, nawe utaona mara moja.

Tuchukue breki za mbele za motokaa nyingi ndogo. Kalipa, yaani ile taya ya chuma inayozibana pedi juu ya diski, imeshikwa na bolti mbili. Na kile chuma kinachoibeba kalipa kimeshikwa na bolti nyingine mbili, zilizo nene zaidi. Jumla ni 4 kwa kila gurudumu. Zihesabu kwa kidole, kisha uzijaribu kila moja kwa spana. Bolti ya chini ya kalipa ikikosekana, kalipa yaweza kupinduka juu, ikagonga gurudumu na kuupasua mpira wa breki. Mafuta ya breki yakimwagika, pedali huzama mpaka sakafuni. Fikiri jambo hilo likitukia barabarani unapoteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, watoto wamekaa kiti cha nyuma.

Ama bolti ndogo ya M6, yenye kichwa cha spana ya 10, mara nyingi hutoka katika vifuniko, katika kishikio cha betri, au katika lile bamba la chini ya injini. Madhara yake ni madogo, lakini nayo itafutiwe kwao.

Ukipata tundu, ingiza bolti kwa vidole kwanza. Ikiwa ni yake itazunguka kwa urahisi mizunguko kadha wa kadha. Ikikataa mapema, itoe. Kisha ikaze kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha motokaa, ukitumia spana ya kupimia nguvu, wala si kwa kuning'inia juu ya bomba.

Usipopata tundu, usione haya kumwita fundi, ukamwambia kazi uliyoifanya na kumpa bolti mkononi. Waweza pia kutafuta katika orodha ya vipuri kwa namba ya chesisi; humo mna picha zinazoonyesha kila bolti na mahali pake. Na ukienda kununua nyingine Kirinyaga Road, Nairobi, usiende na maneno matupu. Chukua ile ya zamani pamoja na vipimo vyake vitatu na alama ya kichwa chake.

KINGA

Kinga ya mambo haya ni rahisi. Kabla ya kulegeza bolti ya kwanza, piga picha kwa simu yako. Chukua kipande cha katoni, chora umbo la kitu unachokifungua, utoboe matundu, na kila bolti uichomeke mahali pake katika picha. Ukiisha kukiondoa kitu, rudisha bolti katika tundu lake kwa mkono ikiwezekana. Mwisho wa kazi katoni iwe tupu, na ardhi chini ya motokaa iwe tupu vilevile.

Wazee walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Bolti iliyosalia ni mwiba wa namna hiyo. Aitengenezaye motokaa yake nyumbani ameokoa shilingi zake, na hiyo ni haki yake. Lakini barabara si yake peke yake. Mwenye kwenda kwa miguu kando ya njia, na mtoto arudiye kutoka shule, wameutegemea uaminifu wa mikono yake bila kumjua. Basi tusiseme kazi imekwisha mpaka kila bolti imepata jalada lake.