Hesabu sawa, maana sifuri

Wadau, hasa wenzangu wa ualimu wa fizikia, leo nina neno. Tukienda mazoezi ya kufundisha, jamani, tusianze na fomula kabla ya maana. Mwanafunzi anakokotoa vizuri kabisa, ila muulize jiwe lililorushwa likifika juu kabisa linavutwa na nini. Atakujibu: "Hakuna, si velositi ni sifuri?"

Tuchukue jiwe lililorushwa wima kwa mita 20 kwa sekunde. Graviti tuifanye 10, ukinzani wa hewa tuuache. Sekunde ya 1 liko mita 15 juu, velositi 10. Sekunde ya 2 liko mita 20, velositi 0. Sekunde ya 3 liko tena mita 15, velositi -10. Sekunde ya 4 limerudi mkononi, velositi -20.

Sasa zisomeni hizo namba kama habari. Kimo cha mita 15 kimetokea mara mbili, kasi ni ileile, ila alama imegeuka. Hiyo alama ya kutoa inasema tu kwamba jiwe linashuka. Na kila sekunde velositi inapungua 10, hata pale juu. Graviti haipumziki! Ingepumzika, jiwe lingebaki linaning'inia hapohapo.

Mie naona swali la kwanza darasani liwe "namba hii inasema nini?", tena liulizwe hata kwa Kiswahili, Kiingereza cha mtihani kitafuata. Wengi wanaikimbia fizikia wakidhani ina watu wake, kumbe hawakuelezwa tu.

Mnasemaje wadau?