Kontena Lijazwe Kangema

Kutoka Kangema hadi bandari ya Kilindini ni zaidi ya kilomita 500, na wengi wetu hatujawahi kukanyaga meli. Hata hivyo, anayetaka kujua kwa nini mji huu umekua, na kwa nini haujakua zaidi, hana budi kuanzia baharini. Hiyo ndiyo hoja ya toleo hili.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ndiyo iliyozaa Nairobi mwaka 1899. Tawi lake lilifika Thika mwaka 1913, kisha likapanda kupitia Maragua, Sagana na Karatina hadi Nanyuki. Treni iliposimama, soko lilinawiri. Karatina ni ushahidi tosha. Kangema, juu ya matuta yanayoteremka kutoka Nyandarua, haikupata reli. Ilisubiri barabara na zao la chai.

Nenda leo kwenye kituo chochote cha kununulia majani. Wachumaji wanafika na vikapu mgongoni, karani anapima, risiti inatoka, lori linaondoka kuelekea kiwanda cha Kanyenya-ini. Majani yananyaushwa usiku, yanasagwa, yanakaushwa. Baadaye yako Mombasa, ndani ya magunia ya karatasi yaliyopangwa ghalani. Mnada wa chai ulihamia huko kutoka Nairobi mwaka 1969, na huko ndiko chai inakoonjwa, inakochanganywa na kupakiwa. Kila hatua ina mshahara wake: wa mwonjaji, wa mpakiaji, wa wakala wa forodha. Mishahara hiyo inalipa kodi ya nyumba na kujaza maduka ya Mombasa. Sisi tunabaki na malipo ya majani na bonasi.

Bonasi imesomesha watoto na kujenga nyumba za mawe, wala hatuidharau. Lakini inategemea mambo yanayoamuliwa mbali nasi. Mwishoni mwa 2023 meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, nauli za mizigo ya kwenda Ulaya zilipanda. Mji unaouza malighafi pekee hauna kinga dhidi ya misukosuko kama hiyo.

Wapo wanaosema kazi za kuonja, kuchanganya na kupakia chai ni za bandarini kwa sababu mnada uko bandarini. Lakini tangu 2020 mnada huo unaendeshwa kwa mtandao. Ni kweli kwamba mnunuzi anayechanganya chai yetu na ya Uganda au Rwanda atahitaji ghala la Mombasa. Chai ya kiwanda kimoja, iliyofungwa kwenye pakiti zenye jina la kiwanda hicho, haina haja hiyo. Tangu Malcom McLean asafirishe makontena yake kwa meli Ideal X mwaka 1956, faida kuu ya kontena imekuwa hii: linajazwa na kufungwa penye bidhaa, na halifunguliwi hadi kwa mnunuzi. Nairobi, isiyo na bahari, imekuwa na bandari kavu ya Embakasi tangu 1984.

Kwa hiyo tunawataka wakurugenzi wa viwanda na serikali ya Kaunti ya Murang'a watenge ardhi, umeme wa uhakika na mtaji wa kufungashia chai hapa hapa. Nawe mkulima, kwenye mkutano mkuu ujao wa kiwanda chako, simama uulize: kontena letu la kwanza litajazwa Kangema lini?