Ukurasa wa Msimamizi Si Baraza ya Wapita Njia

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ulimwengu wa tarakilishi upo ufa mmoja uliodumu kwa miaka mingi, ilhali kuuziba hakudai fedha nyingi: ukurasa wa msimamizi wa seva ulioachwa wazi kwa umma. Vyuo vikuu vya Kenya vimehamishia mtandaoni usajili wa wanafunzi, taarifa za karo na matokeo ya mitihani. Anayeushika ukurasa huo ameshika pia alama, fedha na siri za maelfu ya watu. Ni kosa, basi, kuichukulia kazi ya kuulinda kama jambo la kuachiwa fundi peke yake.

Seva ya programu ni mfumo unaoendesha programu ambazo watumiaji huzifikia kwa vivinjari vyao. Tomcat, inayotolewa bila malipo na wakfu wa Apache, ni mfano mashuhuri. Mwanafunzi anayetazama matokeo yake huingia kwa mlango wa mbele. Msimamizi naye ana mlango wake, ukurasa uitwao Manager, ambao humwezesha kuanzisha programu, kuizima, kuifuta na hata kupakia mpya akiwa mbali. Uwezo huo wa kupakia ndio kiini cha hatari. Mdukuzi akishaingia hapo hupakia programu yake mwenyewe, nayo seva huitii kama inavyomtii mwenye nyumba.

Wapo wanaoshikilia kwamba nywila pekee inatosha. Historia inawakanusha. Mwaka wa 2009 ilibainika kuwa programu ya kusakinishia Tomcat kwenye Windows, katika matoleo kadhaa ya 5.5 na 6.0, ilimsajili msimamizi kwa nywila tupu iwapo aliyesakinisha hakuweka yake. Kasoro hiyo ilirekebishwa. Hata hivyo, msimamizi anayenakili jina na nywila ya mfano kutoka katika maelekezo yanayosomwa na dunia nzima amejirudisha palepale.

Kisa cha JBoss, seva nyingine ya aina hiyo, kina funzo zito zaidi. Kanuni ya kuulinda ukurasa wake wa usimamizi ilitaja namna mbili tu za maombi, GET na POST, kuwa ndizo za kuulizwa nywila. Ombi lililokuja kwa namna nyingine, kama vile HEAD, lilipita bila kuulizwa. Ni sawa na bawabu aliyeagizwa awazuie Juma na Hamisi. Akifika Athumani, anafunguliwa lango. Marekebisho yalitolewa Aprili 2010. Pamoja na hayo, mnamo Oktoba 2011 kirusi chenye kujieneza chenyewe kilikuwa kikizivamia seva ambazo wenyewe hawakuzirekebisha. Mwaka wa 2016 wahalifu wa SamSam, programu inayoyafunga mafaili na kudai kikomboleo, walipenya kupitia seva za JBoss zenye kasoro za zamani. Hospitali za Marekani zilikuwa miongoni mwa waathiriwa. Serikali ya nchi hiyo ilipowashtaki Wairani wawili Novemba 2018, ilisema kwamba waathiriwa walizidi 200 na hasara ikapita dola milioni 30. Dawa ilikuwepo; kilichokosekana ni mtu wa kuwajibika kuitumia.

Ni bayana, kwa hivyo, kwamba kanuni njema ni kumzuia kila mtu kwanza, kisha kumruhusu anayejulikana. Ukurasa usiohitajika uondolewe kabisa. Unaohitajika ufunguke kwa anwani chache zilizotajwa, wala usionekane na umma. Mawasiliano yake yapitie HTTPS, maana bila hiyo nywila inaweza kunaswa njiani. Kila msimamizi awe na jina lake na mamlaka ya kumtosha, ili likitokea jambo ijulikane nani alifanya nini. Tomcat ina hata kufuli la kuifunga akaunti kwa sekunde 300 baada ya majaribio matano yaliyoshindwa.

Yamkini fundi atateta kuwa masharti haya yanamtesa anapoitwa usiku wa manane akiwa nyumbani. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake si kufungua lango kwa dunia nzima. Zipo njia za faragha zilizosimbwa, kama vile VPN na SSH, zinazomfikisha kazini bila kumwonyesha mpita njia mlango ulipo. Matoleo ya sasa ya Tomcat huuruhusu ukurasa wa Manager kufunguliwa kutoka kwenye mashine yenyewe tu. Anayelegeza sharti hilo kwa ajili ya wepesi hana budi kuweka ulinzi mwingine mahali pake.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayehifadhi data za watu nchini Kenya azilinde kwa hatua zifaazo. Mzigo huo ni wa taasisi nzima. Lakini msajili au mkuu wa idara atadai vipi asichokielewa? Maonyo mengi ya usalama huandikwa kwa Kiingereza cha mafundi, ilhali Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu hapa: kuyaandika maelekezo haya kwa lugha fasaha, mpaka kila mkuu wa ofisi aweze kumuuliza fundi wake maswali matatu. Ukurasa wa msimamizi unaonekana kutoka wapi? Nani wana funguo zake? Marekebisho ya mwisho yalitiwa lini?

Taasisi isiyoweza kuyajibu haijui kama mlango wake umefungwa. Isingoje kufunzwa na mdukuzi, kwani majuto ni mjukuu.